Karakana ya fundi mzee ichambuliwe kabla ya kuitiwa mizani

Ndugu Mhariri,

Naomba nafasi katika gazeti lako ili nichangie mjadala ambao wasomaji wenzangu wameuendesha katika safu hii kuhusu gereji za majumbani hapa Mtwara, ambazo baadhi yao wameziita majalala na kuitaka Manispaa ya Mtwara Mikindani iziondoe katika makazi ya watu pamoja na mabodi ya magari, injini mbovu na mapipa yaliyorundikwa uani. Sina ugomvi na wanaotaka mtaa safi. Mimi ni fundi wa injini, nimeshastaafu kazi ya kulala chini ya magari, na ninaishi Chikongola jirani na karakana za aina hiyohiyo zinazolalamikiwa. Naijua harufu ya oili chafu mvua inaponyesha, na najua nyoka wanavyokipenda kivuli cha bodi ya lori. Ninachopinga ni namna zinavyoondolewa. Karibu kila karakana ya mzee niliyoiona ikisafishwa hapa mjini ilianza kwa kuitiwa mizani ya chuma chakavu, na mtu anayejua kilichomo hakuitwa kabisa, au aliitwa lori likiwa limeshaondoka. Hoja yangu ni kwamba uchambuzi utangulie mizani, ufanywe na mwenye karakana angali hai kila inapowezekana, na vijana wanaojifunza kazi wawepo wakati unafanyika.

Wageni wanaohamia huku huuliza kwa nini fundi wa kusini anajaza vyuma vingi namna hiyo. Sababu ni barabara. Kabla ya Daraja la Mkapa kufunguliwa mwaka 2003, gari lililotoka Dar es Salaam lilivuka Mto Rufiji kwa kivuko pale Ndundu, na masika yalipokolea mikoa ya Lindi na Mtwara ilikuwa kama kisiwa. Hata baada ya daraja, kipande cha Ndundu hadi Somanga kilichelewa sana kupata lami. Katika hali hiyo, na hasa katika miaka ya 1980 ambapo fedha za kigeni zilikuwa adimu na spea hazikupatikana hata huko Dar es Salaam kwenyewe, fundi aliyetupa kranki, yaani mhimili mzito unaozungushwa na pistoni, kwa sababu tu ina mikwaruzo alikuwa ametupa gari zima. Land Rover, Bedford na Peugeot zilizobeba korosho, wagonjwa na watumishi wa serikali ziliendelea kutembea kwa sababu injini moja ilisukwa kutokana na injini tatu: bloku (mwili wa injini wenye silinda) ya hii, kranki ya ile, silinda hedi (kichwa kinachofunika silinda kwa juu) ya nyingine kabisa iliyotoka Masasi au Nachingwea ndani ya gunia juu ya basi. Atakayesema kwamba hayo yalikwisha na akumbuke Mei 2024, kimbunga Hidaya na mvua zilipoikata barabara yetu wilayani Kilwa na magari yakalala njiani.

Mafundi waliojaza hizo karakana sasa wanaondoka mmoja baada ya mwingine. Fundi akifariki, uani kwake hubaki mali ambayo haina mahali katika mirathi. Nyumba inajulikana thamani yake, shamba la mikorosho lina mipaka ambayo majirani wote wanaweza kuishuhudia, lakini rundo la injini hakuna anayejua namna ya kulihesabu. Kwetu huku, ambako kwa desturi za Wamakonde, Wamwera na Wayao wajomba na wapwa wana sauti katika mali ya marehemu, na ambako familia nyingi ni za Kiislamu na watoto wana mafungu yao yaliyopangwa, njia nyepesi ya kuepuka maneno ni kugeuza kila kitu kuwa fedha ndani ya siku moja, maana fedha hugawanyika na kranki haigawanyiki. Ndiyo maana mara tu arobaini inapopita utaona mizani imetundikwa kwenye tawi la mwembe. Siwalaumu wafiwa. Wanatafuta amani ya ukoo, na mnunuzi wa chuma anawapa amani hiyo kwa bei ya kilo.

Nitoe mfano mmoja tu. Mjane mmoja wa Magomeni aliniita nikae karibu na mizani ili wapwa wa marehemu wasidhani kwamba wanapunjwa katika uzito. Niliitwa kwa ajili ya uzito, si kwa ajili ya vitu. Nilipofika, nusu ya karakana ilikuwa imeshapakiwa, na kati ya springi za lori na vipande vya nondo niliona gunia la korosho lililolowa grisi, limefungwa kwa kamba kwa uangalifu ambao hakuna mtu anayeutumia kufungia takataka. Ndani yake ilikuwamo kranki ya Land Rover. Shingo zake, zile sehemu laini zinazozunguka ndani ya beringi, hazikuwa na mkwaruzo hata mmoja unaoshika ukucha, na kwenye kitambaa alichoizungushia marehemu alikuwa amefungia beringi zake, zile za nusu duara, ambazo mgongoni zimegongwa herufi STD, yaani za kipimo cha kiwanda. Baadaye tuliipima kwa maikromita, kifaa cha kupimia unene kwa usahihi, na kipimo kikakubaliana na maandishi: kranki ile haikuwa imechongwa, yaani kupunguzwa shingo kwa mashine, hata mara moja. Mzee aliitunza kwa ajili ya gari ambalo pengine aliliona kichwani mwake tu, na ilikuwa njiani kwenda kuyeyushwa ikawe nondo. Kijana mwenye mizani alikuwa mwenye adabu, akakubali kuirudisha kwa bei ileile aliyoilipia, ambayo haikutosha kununua hata seti mpya ya ringi za injini hiyohiyo. Bloku iliyokuwa mwenza wake hatukuweza kuiokoa, kwa kuwa alikuwa amekwisha kufungua kofia zake za beringi, vile vifuniko vinavyoishikilia kranki mahali pake, na kuzitupa ndani ya ndoo pamoja na kofia za injini nyingine.

Msomaji asiye fundi anaweza kuona ajabu kwamba bloku ya chuma, ambayo mtu mmoja hawezi kuinyanyua, iweze kufa kwa kupotelewa na vipande vinavyoenea kiganjani. Maelezo yake ni haya. Kiwandani kofia za beringi hufungwa kwanza kwenye bloku, kisha matundu yote ya kukalia kranki hutobolewa kwa pamoja katika mstari mmoja ulionyooka, kwa hiyo kila kofia ni ya bloku ile tu, mahali pale tu, na upande ule tu ilioelekea. Ukiiwekea kofia ya injini nyingine, hata kama ni ya gari la aina ileile na la mwaka uleule, tundu halitakuwa duara kamili wala halitakaa mstari mmoja na mengine, na kranki itabana au itakula beringi zake baada ya safari chache. Kuirekebisha kunahitaji mashine ya kutoboa matundu yote upya kwa mstari, kazi ambayo gereji zetu za uani haziiwezi. Hali ni hiyohiyo kwa kofia za koni rodi, ile mikono inayounganisha pistoni na kranki, na ni kali zaidi kwa plunja (vijipistoni) za pampu ya dizeli, ambazo kila moja imesagwa pamoja na kijisilinda chake na haikubali kingine. Mafundi wa zamani walilijua hilo, ndiyo maana walizifunga kofia kwa waya kwenye bloku yake na kuzigonga namba. Mnunuzi wa chuma chakavu, ambaye anataka mzigo upangike vizuri kwenye lori, hukata waya huo kabla ya kitu kingine chochote.

Bloku iliyobaki na kofia zake husomwa kwa kidole kabla ya kusomwa kwa kipimo. Juu kabisa ya silinda, mahali ambapo ringi ya kwanza ya pistoni haifiki, ukuta haulikwi; chini kidogo ya hapo ndipo ulikaji mkubwa unapotokea, kwa sababu ndipo joto na msukumo vilipo vikali na oili ni haba. Kwa hiyo hujengeka ukingo, na fundi hupitisha ukucha akausikia. Ukingo ukiwa mdogo kuna matumaini. Kisha hupima juu, katikati na chini, kwa urefu wa injini na kwa upana wake, kwa kuwa silinda hailikwi sawasawa pande zote, bali zaidi upande ambao pistoni inaegemea inaposukumwa na moto. Bloku ambayo bado iko kwenye kipimo cha kiwanda ina maisha marefu mbele yake, kwa sababu pistoni za ukubwa wa ziada huuzwa kwa hatua, kwa kawaida nusu milimita na milimita moja kwa magari ya Kijapani, na inchi 0.020 na 0.040 kwa Land Rover za zamani; na hata ikishachongwa hatua zote hizo inaweza kuvishwa slivu, yaani ukuta mpya wa silinda, ikarudi ilikoanzia. Peugeot 504 ina njia yake, maana silinda zake ni slivu zinazochomolewa na kuzungukwa na maji, kwa hiyo hununuliwa slivu na pistoni zake zikiwa seti moja bila kuchonga chochote. Bloku ya Peugeot huuawa na kutu kwenye makalio ya slivu hizo, jambo ambalo mtu huliona kwa macho akiwa na tochi na brashi ya waya.

Kranki nayo ina hesabu yake. Kipimo kilichoandikwa mgongoni mwa beringi kinakupa dalili ya alikofikia fundi wa mwisho, na maikromita inathibitisha. Iliyo kwenye STD ni mali, iliyochongwa mara moja bado ni mali, iliyofika hatua ya mwisho na ikaungua rangi ya bluu kwa kukosa oili inaweza kwenda kwenye mizani bila majonzi. Lakini kuna mtego ambao hauonekani kwa asiyejua gari lenyewe. Injini ya petroli ya Land Rover ya sentimita za ujazo 2,286, ambayo wengi tunaiita mbili na robo, ilitengenezwa kwa miaka mingi ikiwa na beringi kuu tatu, na kuanzia mwaka 1980 ikapewa beringi tano. Kranki hizo mbili ukizining'iniza ukutani pamoja, mpita njia ataziona ndugu, na mnunuzi wa Newala au Liwale akipelekewa isiyo yake amepoteza nauli na siku. Mzee aliyekuwa anaitundika ukutani alijua ipi ni ipi. Hakuandika popote. (Na aliitundika wima kwa makusudi, kwa maana kranki ndefu ikilazwa vibaya miaka mingi hupinda kwa uzito wake yenyewe, hilo pia hakuliandika.)

Silinda hedi inataka subira kidogo, na hapa nitaeleza jaribio ambalo kijana yeyote anaweza kulifanya leo uani kwao. Isafishe hedi mpaka chuma kionekane. Paka mafuta ya taa kwenye nafasi nyembamba iliyo kati ya vali ya kuingiza hewa na ya kutolea moshi, maana hapo ndipo nyufa hupenda kuanzia, uache yapenye kwa muda, kisha futa kabisa kwa kitambaa hadi pakauke. Saga chaki, paka unga wake juu ya mahali hapo, halafu gonga hedi taratibu kwa mpini wa nyundo. Kama kuna ufa, mafuta ya taa yaliyojificha ndani yake yatapanda na kuchora mstari mwembamba wa majimaji juu ya weupe wa chaki. Kama hakuna, chaki itabaki kavu. Gharama yake ni chaki moja ya darasani na kibuyu cha mafuta ya taa, na hutofautisha hedi ya kusaga vali na kurudisha kazini na hedi ya kuuza kwa kilo. Hedi za alumini za magari yaliyozunguka pwani yetu zikaguliwe pia kwenye matundu ya maji, kwa sababu madereva wengi hujaza rejeta kwa maji ya kisima yenye chumvi badala ya dawa yake ya kupozea, na chumvi hiyo huitafuna alumini taratibu mpaka gasketi inakosa pa kukalia. Injini inayochemka mara kwa mara kwa sababu hiyo ndiyo inayokuja kupasuka hedi, hasa dizeli ndogo kama Toyota 2L ambayo kila fundi wa Hiace anaijua kwa ugonjwa huo.

Sitaki nidhaniwe kuwa natetea kila kipande. Mafundi wa umri wangu tuna tabia mbaya ya kuhodhi, na tumejificha muda mrefu nyuma ya methali isemayo akiba haiozi, ilhali chuma kilichoachwa wazi kwenye upepo wa bahari ya Mtwara kinaoza mbele ya macho yetu. Bloku iliyotobolewa ubavuni na koni rodi iliyokatika haina kazi. Koni rodi iliyopinda, kamshafti (mhimili unaofungua vali) iliyolika nundu zake, hedi iliyochomelewa mara kwa mara na kusagwa mpaka imekuwa nyembamba, hosi za mpira zilizokakamaa, gasketi zilizokwisha kubanwa, diski za klachi zilizofika kwenye misumari, yote hayo hayatasuka injini ya mtu yeyote. Sehemu kubwa ya vilivyomo katika karakana ya kawaida ni chuma chakavu kweli, na wanunuzi wa chuma wanafanya kazi inayohitajika. Vinu vya kuyeyusha vinahitaji malighafi, na vijana wale wanajipatia riziki halali. Ninachodai ni kwamba wapewe kile kilicho chao. Sehemu iliyobaki, ambayo ni ndogo lakini ndiyo yenye thamani, haiwezi kutambuliwa kwa uzito.

Sehemu hiyo si ya injini peke yake. Kuna vifaa ambavyo havikuletwa tena nchini tangu magari ya Kiingereza yalipopungua: spana za inchi na za Whitworth, ambazo mnunuzi huziona hazifai kwa sababu haziingii kwenye nati yoyote ya gari la Kijapani, lakini bila hizo huwezi kufungua Bedford ya zamani pasipo kuharibu vichwa vya bolti, kuna pula za kuchomolea gia, kuna vifaa vya kukatia makalio ya vali, kuna jiliwa zito la chuma cha kalibu ambalo halipatikani tena dukani kwa ubora ule. Na kuna vitabu vya vipimo vya kiwanda, ambavyo ndivyo vinavyoangamia kwa haraka kuliko vyote. Nimewahi kununua karanga sokoni zikiwa zimefungwa katika ukurasa wa mpangilio wa kukaza bolti za hedi, pamoja na alama za vidole vyenye grisi za fundi aliyekuwa akiutumia. Karanga zilikuwa nzuri.

Kwa kuwa maarifa yamo kichwani mwa mwenye karakana, ni yeye anayepaswa kuchambua, na wakati wake ni sasa, wakati bado anaweza kukaa kwenye kigoda na kuonyesha kwa fimbo. Hahitaji kunyanyua kitu. Wanyanyue wanagenzi, wao wasafishe, wao wapime, naye aulize wamepata ngapi na awaambie warudie. Kila kinachobaki kifungwe kwa waya kipande cha bati kilichoandikwa kwa ncha ya msumari: ni cha gari gani, kipimo gani, kilitoka na ugonjwa gani. Kisha vitu vilivyobaki viandikwe katika daftari mbele ya mke, watoto na wapwa, na kila kimoja kiwekewe bei ya spea, si bei ya chuma. Hapo hata ule ugumu wa mirathi niliousema unapungua, kwa sababu watu hawagombanii rundo tena. Wanagawana orodha, na kinachogawanywa ni kikubwa zaidi. Fundi asiye na mtoto anayetaka kazi hii, na wengi wetu ndivyo tulivyo, anaweza kuviuza angali hai kwa mafundi wadogo wanaomzunguka na akazitumia fedha zake mwenyewe.

Hapa ndipo ninapowaomba wenzetu wa VETA, mamlaka ya mafunzo ya ufundi stadi, ambao wana vyuo Mtwara na Lindi, waangalie uwezekano wa kuwaleta wanafunzi wa ufundi wa magari katika uchambuzi wa namna hii kama sehemu ya mafunzo yao ya vitendo. Injini ya chuoni ni nzuri kwa kujifunzia mpangilio wa kufumua na kusuka, lakini imefunguliwa na kufungwa na kila darasa lililopita, na vipimo vyake mwanafunzi anaweza kuvipata kwa aliyemtangulia. Katika karakana ya mzee hakuna kranki mbili zilizolika sawa. Mwanafunzi atakayepima shingo za kranki kadhaa zisizofanana kwa siku moja, huku akipingwa na mtu aliyezichonga mwenyewe, atakuwa ameshika maikromita kikazi. Nao vijana waliojifunza uani bila kupita chuo wanufaike pia, kwa maana VETA ina utaratibu wa kupima na kutambua ujuzi uliopatikana nje ya mfumo rasmi, na daftari la uchambuzi lenye vipimo vyao lingekuwa ushahidi mzuri wa kuanzia. Kwa SIDO, shirika la viwanda vidogo, ombi langu ni dogo zaidi: wawasaidie mafundi wadogo waliochukua vifaa hivyo kuvikusanya mahali pamoja, penye lezi na mashine ya kusagia hedi, badala ya kila mmoja kuanza rundo jipya nyuma ya nyumba ya mama yake.

Wapo watakaosema kwamba ninazungumzia magari yaliyokufa, na kwamba gari la leo linataka kompyuta ya kusomea hitilafu kuliko fila geji, vile vibati vya kupimia nafasi. Kweli kompyuta inahitajika na vijana waisomee. Lakini pistoni ya gari la leo bado inapanda na kushuka ndani ya silinda, na ringi zake zikila ukuta kompyuta itakuambia tu kwamba kuna jambo. Zaidi ya hapo, injini za dizeli zisizo na kompyuta ndizo zinazosaga mahindi vijijini, zinazosukuma boti za wavuvi wa Mikindani na Kilwa, na zinazovuta malori ya korosho kutoka vyama vya msingi hadi maghalani kila msimu. Land Cruiser zenye injini ya 1HZ, silinda sita, lita 4.2, isiyo na tabo (turbo) wala kompyuta ya kusumbua, bado zinabeba wagonjwa katika barabara za mchanga ambako gari jingine lingegoma. Injini hizo zitafumuliwa na kusukwa upya miaka mingi ijayo, na mtu wa kuzisuka lazima awe amejifunza mahali fulani.

Kuhusu madhara kwa majirani, ambayo ndiyo hasa yaliwafanya wasomaji wenzangu kuandika, nawaunga mkono na ninaongeza hofu ambazo wao hawakuzitaja. Betri za zamani zina risasi na tindikali, na watoto huzipasua kutafuta risasi ya kutengenezea vizamisho vya nyavu. Bitana za breki na diski za klachi za magari ya zamani zina asbesto, ambayo vumbi lake likivutwa huharibu mapafu na kuleta saratani miaka mingi baadaye. Kwa hiyo zisipulizwe kwa kompresa wala kufagiliwa zikiwa kavu, bali zilowanishwe kwa maji, zifungwe ndani ya mifuko miwili ya nailoni, na anayezishika avae barakoa. Oili chafu ina chembe za madini zilizolika kutoka kwenye beringi, na ardhi yetu ni ya mchanga unaopitisha kila kitu, wakati wengi wetu tunakunywa maji ya visima. Najua nyumba nyingi hapa hupaka oili hiyo kwenye nguzo kuzuia mchwa. Siipendi desturi hiyo, lakini sitarajii iishe kwa barua ya gazetini, angalau isimwagwe. Sheria ya Usimamizi wa Mazingira ya mwaka 2004 inazihesabu taka za hatari kuwa jambo la kusimamiwa, na halmashauri ina maofisa mazingira wanaoweza kuonyesha zipelekwe wapi.

Kwa hiyo, kama Manispaa itaamua kutoa ilani kwa wenye karakana za majumbani, kama baadhi ya wasomaji walivyopendekeza, naomba ilani hiyo isiwe ya siku saba. Siku saba zinamtosha mwenye mizani peke yake. Itolewe miezi mitatu, na ndani yake itajwe mahali pa kupeleka oili chafu, betri na bitana za breki, pamoja na ofisi ambayo fundi mzee au mjane wake anaweza kwenda kuomba mtu wa kumsaidia kuchambua kabla ya kuuza. Mafundi tuliostaafu hapa Chikongola, Magomeni na Majengo tuko tayari kufanya kazi hiyo kwa zamu bila malipo, mradi usafiri wa kufika huko upatikane na tupewe kijana wa kunyanyua.

Wako,
Fundi mstaafu wa injini,
Chikongola, Mtwara.